Silinda Tisa na Shamba la Wimbi

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa 1974, nilikuwa nimeketi juu ya pipa lililopinduliwa kando ya kiwanja cha ndege nje kidogo ya mji wa Busia, nikipaka waya poda ya mtoto mchanga. Harufu ya poda ile, ikiwa imechanganyika na ya petroli na ya nyasi zilizolowa umande, imekaa nami miaka yote. Hata leo, nikimkuta mama kijana akimvisha mtoto wake baada ya kumwogesha, pua yangu hungoja petroli ifuate, na isipofuata huhisi imepunjwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mbele yangu ilisimama ndege, pua yake imevuliwa bati lote, na injini yake ikaonekana wazi kama ua kubwa la chuma: silinda tisa zimepangwa kwa duara, moja juu kabisa, nyingine zikishuka kulia na kushoto hadi mbili za chini zilizokuwa zikidondosha mafuta kwenye nyasi.

Ndege ile ilikuja kwa sababu ya viwavi jeshi. Mwaka ule mvua za masika zilianza vizuri, na wimbi la mama yangu, yaani ulezi, huko Mundika, kijiji cha karibu na Busia, lilikuwa limeota kwa mistari ya kijani iliyonyooka. Sisi tuliishi Malaba, kwa kuwa baba alikuwa fundi wa umeme wa magari na kazi yake ilitokana na malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda, lakini chakula chetu kilitoka Mundika. Shamba lile ndilo lililotulisha ugali na uji kutoka mavuno hadi mavuno. Kisha viwavi wakaibuka kutoka nyasi za malisho, weusi, wenye mistari ubavuni, wakitembea upande mmoja kama wanafunzi wanaokwenda gwarideni. Ukisimama pembeni mwa shamba waliloliingia, ulisikia sauti kama ya manyunyu juu ya majani, na hali mbingu ilikuwa kavu. Walimaliza mahindi ya jirani yetu, wakabakiza mashina matupu. Wanawake walichimba mitaro na kumwaga majivu. Watoto tulitumwa na matawi kuwapiga. Wenye kujua walisema kwamba viwavi wakishanenepa hakuna dawa itakayosaidia, na kwamba siku zilizobaki hazikuwa nyingi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mgeni wetu alikuja akaugua yeye mwenyewe. Ndege ya kunyunyizia dawa ilitua, ikalala nje usiku wa mvua kubwa, na asubuhi injini yake ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Waya zake za kupeleka umeme kwenye plagi zilikuwa zimezeeka, mpira wake umepasuka, na maji yalipoingia cheche zikawa zinavuja njiani badala ya kufika zilikotakiwa. Fundi wa ndege akaletwa kutoka Nairobi kwa Landrova, akiwa na waya mpya. Ila msaidizi wake alishikwa na homa safarini akaachwa hospitalini. Bwana shamba akauliza mjini ni nani ajuaye umeme wa injini, na watu wakamtaja baba. Ndivyo tulivyofika pale, baba na sanduku lake la vifaa, mama akiwa na kikapu cha viazi vitamu na wasiwasi wake, na mimi kwa kuwa hakuna aliyenikataza.

Fundi wa ndege aliitwa Kassim, mzaliwa wa Mombasa, mtu mfupi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na Kiswahili ambacho kilitufanya sote tuone haya kufungua kinywa. Mama hakuona haya. Alimtazama, akaitazama ile injini iliyovuliwa, akasema, "Boss, hiyo ndege yako ikishindwa, si utupatie tu hiyo dawa tumwage na kopo?"

"Mama yangu, dawa hii ukiimwaga kwa kopo, viwavi watapona nawe utaugua," alijibu Kassim. "Nipe siku ya leo."

"Leo nimekupa. Ya kesho uliza viwavi."

Baba aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kassim hakukificha chake. Akauliza kama kuna poda ya mtoto popote karibu, na mama, ambaye alikuwa akimnyonyesha ndugu yangu mdogo, akatoa kopo kutoka kikapuni bila kuelewa. Poda ilikuwa ya waya. Mbele ya injini palikuwa na bomba la chuma lililopinda likawa duara, mfano wa kata ambayo wanawake huweka kichwani chini ya mtungi. Waya zote zilitoka kwenye magneto mbili nyuma ya injini, yaani mitambo midogo inayozalisha umeme wa cheche, zikaingia katika kata ile ya chuma, kisha kila moja ikachomoza kwenye tundu lake kuelekea silinda yake. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili, kwa hiyo waya zilikuwa kumi na nane. Bila poda zilisuguana na kukwama. Zikishapakwa, ziliteleza kama kambare mkononi. Kazi yangu ikawa kupaka, kusukuma, na pale ncha ilipokaribia tundu, kuingiza vidole vyangu vyembamba na kuivuta nje, maana vidole vya baba vilikuwa vinene kwa miaka ya kukaza nati za malori. Kwa matundu ya chini nililala chali nyasini, mafuta yakinidondokea shingoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila waya ilipotokeza, baba alizungushia kipande cha plasta ya vidonda na kuandika namba ya silinda kwa kalamu, kisha akamwitia Kassim namba hiyo, naye akaifunga ncha ya nyuma kwenye magneto kwa namba ile ile. Kassim alikuwa amejibana nyuma ya injini, tukiona miguu yake tu na kusikia sauti yake ikiimba nyimbo za harusi za kwao.

Tulipopumzika kula viazi, Kassim alinifundisha jambo ambalo nimelifurahia maisha yangu yote. Nilimwuliza kama silinda huwaka kwa kufuatana, moja, mbili, tatu. Akachukua mawe tisa, akayapanga kwa duara, akaniambia, "Washa moja, ruka moja, binti. Usisimame." Nikahesabu kwa kidole: moja, tatu, tano, saba, tisa, kisha, kwa kuwa duara halina mwisho, nikairuka ya kwanza nikaangukia mbili, nne, sita, nane, na hapo nikarudi nilikoanzia. Kila jiwe lilikuwa limeguswa, na hakuna lililoguswa mara mbili. Nilirudia mpaka viazi vyangu vikapoa. Kisha nikaondoa jiwe moja nijaribu na manane, na manne kati yake hayakuguswa hata nilipozunguka mara nyingi. Nilimwendea kumwambia, nikidhani nimeharibu kitu. Alicheka akasema ndiyo maana duara moja la injini za namna ile huwa na silinda tatu, tano, saba au tisa, wala si nane. Sikumbuki somo lolote la darasani lililoniingia kwa raha kama lile la mawe na viazi.

Mchana waya zote zilikuwa zimefungwa. Baba alizipima kwa betri na balbu ya tochi: Kassim aligusa upande wa nyuma, baba akagusa upande wa plagi, nami nikapaza sauti kila balbu ilipowaka. Iliwaka mara zote. Rubani, kijana mrefu ambaye asubuhi yote alikuwa amelala chini ya bawa, kofia usoni, akapanda. Watu walioacha mitaro yao kuja kutazama wakarudishwa nyuma. Rafadha, ile pangaboi kubwa ya mbele, ikaanza kuzunguka polepole. Injini ikabweka mara moja, ikatoa moshi mweusi, ikapiga kwa nyuma kama punda aliyeguswa kidonda, ikanyamaza. Wakajaribu tena, ikabweka tena. Umati ulianza kucheka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo sasa imekuwa mbwa." Mama hakucheka. Alikuwa ametazama upande wa Mundika, na nilijua anachokihesabu kichwani: madebe ya wimbi, vinywa vya nyumbani, na miezi iliyobaki hadi mavuno mengine.

Kassim alizima kila kitu, akatia ufunguo mfukoni, akaifunga rafadha kwa kamba. "Binti, una mikono safi," alisema, jambo ambalo halikuwa kweli. "Panda kwenye pipa, uguse silinda moja moja. Niambie ipi ina joto." Nikagusa. Zote zilikuwa baridi kama vyungu vya maji, isipokuwa ile ya juu kabisa, namba moja, iliyokuwa na uvuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Ya juu peke yake?"

"Ya juu peke yake."

Akamgeukia baba. "Fundi, ulipoandika namba ulihesabu ukiwa umesimama wapi?"

"Si ni hapa mbele," alijibu baba. "Kwa lori, moja ni ile iko karibu na rejeta. Unasimama mbele, unahesabu. Hapa nimeanza juu nikaenda kulia."

"Na mimi nilianza juu nikaenda kulia. Lakini mimi nipo nyuma, anakokaa rubani."

Wakatazamana juu ya injini ile, mmoja mbele, mwingine nyuma, kila mmoja ameinua mkono wake wa kulia, na mikono yenyewe ikielekea pande tofauti. Kwa mtu aliyezoea lori, mbele ndiko nyumbani. Hakuna fundi wa Malaba aliyewahi kuhesabu injini kutoka kwenye kiti cha dereva. Mwenye ndege naye huhesabu kama rubani aonavyo, na jambo hilo ni la kawaida mno kwake hata hakukumbuka kulisema. Balbu nayo ilikuwa imewaka kwa uaminifu wake wote, maana balbu haijui kuhesabu. Nilimwogopea baba, kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa. Kassim akaketi chini nyasini, akashika tumbo, akacheka hadi machozi. "Kosa hili tumelizaa sote wawili, fundi. Wewe mama, mimi baba."

"Wanaume wawili na injini moja," alisema mama, "na kila mtu yuko na kulia yake." Umati ukaangua kicheko, safari hii pamoja nasi, na baba akacheka kuliko wote.

Hatukulazimika kuvuta waya upya. Ilitosha kuzihamisha ncha kule nyuma. Mbili ya baba ilikuwa tisa ya Kassim, tatu ilikuwa nane, nne ilikuwa saba, tano ilikuwa sita, na kinyume chake. Wakati wakizitafuta jozi hizo kwa kuonyeshana vidole, niliona kwamba kila jozi ukiijumlisha hupata kumi na moja, nikasema. Kassim alizijumlisha zote nne kwa vidole. Kisha akajibana tena kule nyuma akaniambia nisimame hapo ubavuni niwe kitabu chake. Aliita, "Nne," nikajibu, "Saba." Aliita, "Tisa," nikajibu, "Mbili." Mvua ya alasiri ilituvamia katikati ya kazi. Baba na rubani walishika turubai juu ya injini, mama akasimama chini ya bawa na mtoto mgongoni, na mimi nikaendelea kujibu, maji yakinichuruzika usoni, nikiwa na furaha isiyo na kipimo.

Asubuhi iliyofuata injini iliwaka. Ilianza kwa silinda moja, kisha mbili tatu zikadakia, moshi mweupe ukafunika nyasi, halafu zote tisa zikashikana mikono na kuwa ngurumo moja iliyonitetemesha kifua. Ndege ilipaa, ikageuka, ikaenda kushuka chini sana juu ya mashamba, mkia wake mweupe wa dawa ukitandazika nyuma. Tulikimbia barabarani kuelekea Mundika, mama mbele, leso yake ikipepea.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu katika chuo cha walimu. Najua kwamba dawa ile tuliyoishangilia, vichwa vyetu vikiwa wazi, ilikuwa sumu, na mtoto wangu singemruhusu asimame pale. Malaba malori yamejaa hadi huoni mwisho wa foleni, na fundi kijana huchomeka kifaa chini ya usukani, kikamwambia ugonjwa wa injini kwa maandishi. Ni kazi safi, nami naiheshimu. Hata hivyo wanafunzi wangu wanapokosea ubaoni huona fedheha, hufuta haraka kwa kiganja, nami hutamani wangewaona watu wazima wawili wakiwa wameinua mikono juu ya injini iliyokataa kuwaka, wakitafuta kosa lao kwa kicheko wakati viwavi wakila. Utoto ulinipa bahati hiyo kabla sijajua kwamba ni adimu.

Kassim aliondoka bila kujua yaliyolipata shamba letu la wimbi. Wiki chache baadaye nilimwandikia. Mwalimu wangu aliirudisha barua mara kadhaa niisafishe mwandiko, ndiyo maana naikumbuka:

"Kwa Bwana Fundi Kassim. Sisi hatujambo, ndege yako haijambo? Upande wa barabara viwavi walikula wote. Upande wa mto wimbi limepona, na mama anasema linatutosha tukila kwa adabu. Mama anasema ndege ilipita juu ya shamba letu mara mbili. Majirani wanasema ni mara moja kama kwao. Tafadhali mwulize rubani atuambie ukweli, kwa sababu mama na majirani hawasalimiani vizuri. Baba anakusalimu. Leo nimekwenda kupalilia, na wimbi limenifika magotini."