Mlango Uliopakwa Mawese

Fundi wa mtaa wetu wa Mangobo ameniuliza mara tatu leo: "Mulango yako mupya, tupake vernis ya kungarisha ao mafuta?" Nakaa, nasimama, nakaa tena. Jirani anachemsha mafuta ya mawese, na harufu yake inanirudisha kwa mama.

Asubuhi moja, nilipokuwa mtoto, mama naye hakutulia. Baba alikuwa anarudi kwa treni kutoka Ubundu, baada ya miezi mingi. Mama alichovya kitambaa kwenye mawese, akausugua mlango wa nje mpaka ukang'aa mwekundu.

Tonton, kama tulivyomwita seremala jirani yetu, alitikisa kichwa. "Mama, mawese haikaukaka. Itashika vumbi."

"Bon, ishike. Papa ya batoto iko njiani."

Baba alifika, akausukuma mlango kwa kiganja, akacheka kuona mkono wake umekuwa mwekundu. Alikaa siku mbili tu, akaondoka.

Vumbi likashika mlango mzima, ila pale kiganja cha baba kilipoondoa mafuta; alama ya vidole vyake ikabaki. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, mama aliupaka tena mlango ule. Vile vidole vitano alivizunguka bila kuvigusa.

"Alors?" fundi ananiuliza tena.

"Mawese."

"Lakini haikaukaka!"

"Najua. Paka."