Ostin ya Mzee Mukhwana

Mwaka 1952, mgodi wa dhahabu nje ya mji wa Kakamega ulipofungwa, mhandisi Harding alimwachia dereva wake Mukhwana gari lake, Ostin nyeusi ya mwaka 1936, pamoja na barua ya kuthibitisha. Kitabu cha usajili wa gari hakikubadilishwa jina. Mukhwana hakuona haja. Nani asiyemjua mwenye Ostin? Alilitumia kubebea maharusi, akapeleka wajawazito hospitali ya Mukumu, na bintiye Ayuma alipokimbia ndoa ya vipigo huko Kabras, ndilo gari lililomrudisha nyumbani.

Injini ilikufa mwaka 1981. Hata hivyo mzee alilipangusa kila Jumamosi, na mikono yake ilipoanza kutetemeka, Ayuma akaichukua kazi hiyo.

Mukhwana alifariki Machi 1994. Wiki tatu baada ya matanga, mdogo wake Barasa alikuja na habari kwamba amepata mnunuzi wa Nairobi, mtu wa kukusanya magari ya kale.

"Baba mdogo, hilo gari aliniachia mimi," Ayuma akasema.

"Mwanamke aliyeolewa akarudi, anarithi nini hapa? Una karatasi?"

Ayuma alipekua sanduku la baba yake, akapindua godoro, akapasua hata mto. Kisha akakumbuka. Barua ya Harding, ambayo nyuma yake baba aliandika kwamba gari ni la Ayuma, ilikuwa ikikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kanisani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvika marehemu koti hilo.

Akaenda kwa chifu.

"Niletee hiyo barua," chifu akasema.

"Imo kaburini, mzee."

"Sasa mama, mimi nifanye nini?"

Kulipokucha alishika jembe akaenda kaburini. Akapiga mara moja, mara mbili. Ya tatu mikono ilimkatalia. Akakaa kwenye udongo ule mbichi akilia, "Baba, nisamehe," bila kujua anaomba msamaha wa lipi: kuchimba, au kushindwa kuchimba.

Lori la mnunuzi lilipokuja, Ayuma aliingia ndani ya Ostin akajifungia. Barasa akaamuru gari lipakiwe hivyo hivyo. Walipofika Shirere, njiani kwenda Nairobi, mnunuzi alisimamisha lori, akapanda nyuma na kuinama dirishani.

"Mama, kwani hili gari lina nini na wewe?"

Ayuma akamweleza yote. Mnunuzi alisikiliza kwa makini, akauliza miaka, akauliza jina la mzungu, akaandika kwenye daftari. Ayuma akaanza kuwa na tumaini.

"Nashukuru sana," mnunuzi akasema. "Barasa hakujua hata nusu ya haya. Gari la kale bila historia yake ni vyuma tu."

Kisha akamfungulia mlango, akamshika mkono kwa heshima na kumteremsha kando ya barabara.

Ayuma alirudi kwa miguu. Barasa hakuonekana bomani miezi miwili, wala pesa za gari. Majirani walipouliza Ostin iko wapi, Ayuma aliwajibu, "Walilichukua nikiwa ndani."