Malachy Tuohy na Bendera Nyeupe

Kufikia Juni, Malachy Tuohy alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Alikuwa na miaka sitini na minne na ng'ombe sabini wa maziwa. Kila Jumapili tangu Aprili aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakamua, akavaa tai, akaingia kwenye gari la mpwa wake Colm Fahy kwenda kushika bendera golini katika mechi za ubingwa wa taifa wa hurling, mchezo wa Ireland wa magongo na mpira mdogo. Ukiitazama, kazi yenyewe ni ya kusimama tu: koti jeupe, nguzo moja, bendera mbili. Mpira ukipita juu ya mwamba unainua nyeupe, pointi. Ukipita chini yake unainua ya kijani, goli. Ukienda nje unapunga mikono. Nenda ukasimame wewe, mbele ya watu elfu kumi na tano wenye magongo nyumbani na ulimi mkali, ndipo utajua.

Refa alikuwa Colm mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yake Malachy. Huku refa huja na watu wake: ndugu, jirani, mtu aliyesoma naye. Miaka kumi na moja Colm alikuwa akiisubiri fainali, na miaka kumi na moja walipewa wengine. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao refa huanza kuulizwa atastaafu lini. "Mwaka huu tukikosa, basi," alisema. Alisema "tukikosa", si "nikikosa", na neno hilo lilimuuma Malachy, kwa sababu Malachy alikuwa haoni.

Ukungu ulianza Januari. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi, na foleni ya upasuaji ni miezi kumi na minne. Mkewe Attracta, ambaye Mungu hakumjalia kuzaa, alicheka kicheko kisicho na raha.

"Miaka thelathini na minane tunamngoja mtoto, anakuja kukaa kwenye jicho!" Kisha akawa mkali. "Mwambie Colm."

"Nitamwambia."

"Lini? Ukishawapa watu pointi ya hewa?"

Aliyejua mwingine ni Packie Minogue, mshika bendera wa nguzo ya pili, rafiki yake tangu shule. Packie akishika kiuno, ni pointi. Akijikuna kichwa, ni nje. Walimaliza Aprili na Mei hivyo, wazee wawili wakiidanganya nchi nzima kwa kujikuna. Malachy alirudi nyumbani kila jioni akiona haya, akakamua tena, akalala bila kula.

Ikaja Jumapili ya mechi ya mji wa Ennis. Timu ya Clare, wenyeji, ilikuwa nyuma ya timu ya Waterford kwa pointi moja, dakika ya mwisho. Mshambuliaji na kipa walikuwa wakivutana jezi mbele ya goli, wakaanguka pamoja na kumzoa Packie miguu. Wakati huohuo mtu wa Clare akapiga mpira kutoka kushoto. Malachy aliusikia ukivuma juu ya kichwa chake, basi. Watu wa Clare nyuma yake wakalipuka kwa shangwe. Akamtazama Packie: Packie alikuwa chini, anatafuta kofia.

Mkono wake ulikuwa umeshaikamata bendera nyeupe. Ilikuwa rahisi mno. Akaiachia, akamwita refa.

Colm alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Mjomba, vipi? Imeingia?"

"Sikuiona."

"Jua limekupiga?"

Jua lilikuwa mgongoni mwake, na wote wawili walijua. "Si jua. Ni macho yangu, Colm. Mabovu tangu Januari."

"Tangu Januari," Colm alirudia, polepole. Akamtazama mjomba wake kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Kisha akageuka, akaamua kwa macho yake mwenyewe: nje. Clare wakafungwa. Njiani kwenda kubadilisha nguo mama mmoja alipaza sauti, "Refa! Mnunulie babu yako miwani!"

Garini Packie alitoa mikate ya nyama, hakuna aliyegusa.

Jioni televisheni ilionyesha mpira ulipita nje ya nguzo kwa upana wa kiganja. Magazeti yakamsifu Colm: refa asiye na papara, aliyemsikiliza mtu wake kwanza kabla ya kuamua. Siku kumi baadaye wakubwa wa mchezo huko Dublin wakampigia simu. Fainali ni yake.

Alimkuta Malachy kwenye banda la kukamulia.

"Mjomba, wamenipa."

Malachy alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nataka uje," Colm akasema. "Uwanja wa fainali una mtambo wa kamera. Pointi ikiwa na utata, mtambo unaamua. Wewe unasimama tu."

"Kama sanamu ya kanisani."

"Mama angependa uwepo."

Alitamani kwenda. Alitamani vibaya sana. "Mtambo unaona pointi, hauoni goli," alisema mwishowe. "Mpira ukivuka mstari chini ya miguu ya watu kumi, panatakiwa macho ya mtu. Miaka kumi na moja nilikuwa na macho, hawakukupa. Sasa wamekupa, macho sina. Ndiyo hivyo."

"Nimchukue nani basi?"

"Tadhg Broderick."

Colm alidhani hakusikia vizuri. Broderick ni jirani ambaye Malachy hajamsalimia miaka tisa, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. "Broderick? Si ulisema hata ukifa asikanyage mazishini?"

"Na bado nasema. Lakini mshenzi yule anamwona sungura aliye kilima cha pili."

Colm akacheka. Kicheko kikakatika katikati, akageukia ukuta, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Malachy aliyaona machozi yale vizuri kabisa, akajifanya haoni, akaenda kumfunga mashine ng'ombe anayefuata.