Hoteli Iliyongojea Eda Yangu

Mume wangu alikuwa hajatimiza arobaini kaburini kaka yangu alipotia saini nyumba yangu iwe hoteli. Sikuulizwa. Nilikuwa nimekaa eda, na kaka alijua vizuri kwamba mjane wa Malindi hatoki kwenda kwa kadhi kushtaki mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Alipiga hesabu hiyo akaiona tamu. Alichosahau ni kwamba asiyeweza kutoka hatolewi pia.

Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, kongwe, vyumba virefu vyembamba vikifuatana kutoka barabarani hadi ukuta wa nyuma. Chumba cha mwisho tukikiita ndani, basi. Ndimo nilimozaliwa, ndimo mama alimooshwa alipokufa, na ndimo nilimokaa eda. Mama alinipa nyumba hiyo nilipoolewa, kama ilivyo ada yetu: binti hupewa nyumba, mwanamume akahamia kwa mkewe. Kaka naye alishikilia neno moja tu, kwamba ni nyumba ya baba na yeye ndiye mkubwa.

Simsingizii ubaya mtupu. Watu waliolima mashamba yetu kwa kulazimishwa walikuwa wamekwenda zao, na walikuwa na haki, na kaka hakuwahi kushika jembe. Akatokea Mzungu aliyemwambia kwamba wenzake wa mashamba ya mpira na pamba wakifika mjini hawana pa kulala ila mahemani. Mlango wa kuchongwa ulimpendeza, na kuta nene zisizopitisha joto zikampendeza zaidi. Mimi, nadhani, nilihesabiwa pamoja na mitungi, kitu cha kuhamishwa.

Kazi ilianzia mbele. Baraza mbili za mawe pale mlangoni zilibomolewa, maana Mzungu hakutaka watu asiowajua wakae kwake. Kuta za sebule zikatobolewa madirisha. Vitanda vya chuma vikaingizwa kwa kelele ya kuumiza meno. Fundi alikuwa yule yule aliyeipaka nyumba chokaa tangu enzi za mama, na kila adhuhuri alisimama nje ya pazia langu akaniambia kilichovunjwa siku hiyo, kwa sauti ya mtu anayewapa habari jamaa za mgonjwa. Siku za kwanza nililia. Baadaye nilikasirika, na hasira ilinifaa zaidi.

Kisha Mzungu akataka ndani. Alitaka ukuta uangushwe vyumba viwili viwe ukumbi mmoja mpana, wageni wale pamoja kwenye meza ndefu. Fundi akamweleza kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu vinafuata urefu wa boriti za mikoko. Toa ukuta, dari litakuja kula mezani. Mzungu akasema ataleta nguzo za chuma. Fundi akasema kuna mjane. Akaambiwa amtoe. Fundi akaweka nyundo chini, akajibu kwamba mjane asiye maharimu yake, asiye jamaa yake wa damu, hata kumwona hamwoni, sembuse kumtoa, na mafundi wenzake wote wakakaa.

Mzungu akaja mwenyewe mpaka kwenye pazia. Alimkuta somo yangu, yule mama aliyenifunda nilipoolewa na aliyekuwa akinihudumia katika eda. Amesimama mbele ya pazia, mwiko mkononi, haondoki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mzungu alirudi sebuleni akamwuliza kaka ni siku ngapi. Kaka akamhakikishia: miezi minne na siku kumi, haizidi hata moja. Somo aliniambia Mzungu ametundika kalenda ukutani na kila asubuhi anaikata siku yangu kwa kalamu.

Siku ikafika. Nilisikia nguzo zikishushwa uani, kisha hatua za kaka. Tangu atie saini hakupenda kunitazama usoni, ingawa ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwa hiyo aliongea nje ya pazia.

"Ndugu yangu, eda imekwisha. Toka twende kwangu. Huyu mtu amechoka, na ngojangoja huumiza matumbo."

"Tumbo linalongojwa ni langu," nilimjibu. "Nina mimba ya miezi sita. Eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Kamwulize kadhi, wewe unayeweza kutoka."

Aliyecheka kwanza ni fundi. Mzungu akauliza nini kimesemwa, na hapakuwa na mwenye haraka ya kumwambia. Alipoelezwa aliuliza kama hiyo ni sheria au ni ujanja. Fundi alimwambia ni sheria, na kwamba kama kuna mjanja hapa ni aliyetia saini nyumba ya mwenye eda.

Basi hoteli ilifunguliwa mbele tu. Wageni walilala sebuleni na kula uani chini ya turubai, wakimwagiwa vumbi na upepo. Nilijifungua asubuhi moja wakiwa kwenye chai. Vigelegele vya wanawake vilipovuka ukuta, nasikia mmoja alikimbia hadi barabarani akidhani nyumba inaungua. Alikuwa mtoto wa kike. Nikakaa na arobaini yangu yote, siku kwa siku. Haraka ilikuwa yao.

Siku ya arobaini na moja nilijitanda, nikambeba mtoto, nikaenda kwa kadhi pamoja na somo. Kaka aliongea sana. Alimtaja baba mara nyingi kuliko alivyomtaja baba akiwa hai. Mimi nilisema mama alinipa, na somo akasema alikuwapo. Kadhi, mtu wa mji huu huu, alimwacha kaka amalize.

"Wewe unalala nyumba ya nani?" akamwuliza.

Kaka akatazama mkeka. "Ya mke wangu."

"Alipewa na nani?"

"Na mama yake."

"Na ikiwa nyumba ya mama si ya binti, leo utalala wapi?"

Kadhi akaamua nyumba ni yangu, na kaka akainuka kutafuta viatu vyake. Nilimwonea huruma kidogo, si nyingi.

Jioni ile Mzungu alinijia kwa adabu, kofia mkononi. Nilimwambia sehemu ya mbele anaweza kuikaa kwa idhini yangu, lakini ukuta wa ndani hauguswi. Akasema hoteli isiyo na ukumbi si hoteli. Nikamwambia basi atafute jina jingine.

Halafu nilimwita somo, nikamwita fundi, nikamwita na kaka. Nilimlaza binti yangu juu ya kitanda cha mama, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba nyumba hii ni yake. Kisha nikamtaka kaka arudie maneno yangu, na sikumwacha aende mpaka aliporudia yote.