Kapo Sifungui

Huku kwetu Buyenzi injini mpya haiwekwi kimya kimya. Fundi akimaliza, gari linasukumwa mpaka barabarani, kapo, yaani boneti, inainuliwa, na mtaa mzima unakuja kuchungulia: mafundi, wauza vipuri, mama wa maandazi, hata mtu aliyekuwa anapita zake kwenda msikitini. Mmoja anasoma dua, mwingine anatafuta kasoro, injini inaungurumishwa mpaka watu wanaziba masikio. Kapo isiyofunguliwa ni kazi isiyofanyika. Ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana mpaka leo kuna watu wananinunia, kwa sababu kapo yangu sikuifungua.

Gari lenyewe ni Karina ya baba, nyeupe na bluu, teksi ya mjini tangu mimi ni mtoto. Baba alikuwa fundi asubuhi na dereva jioni. Alipofariki, kaka yangu alichukua gereji na wateja, mimi nikapewa Karina, kwa sababu injini yake ilikuwa imekufa na hakuna mwingine aliyeitaka. Walinipa huku wakinionea huruma, na huruma yao niliichukia kuliko dharau. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, kule Kanyosha. Watu walisema ndoa imenishinda. Mimi nasema niliiacha, tena mlango niliufunga taratibu.

Kaka hakujua kwamba kazi ninaijua. Angejuaje? Tangu utoto kazi yangu gerejini ilikuwa moja tu: kushika baladezi, ile taa ya waya mrefu ya kummulikia fundi akiwa chini ya gari. Baba amelala chini, kaka yuko pembeni anampa spana, mimi nimeinama na taa. "Inua mukono," kaka alikuwa akiniambia. "Apo apo. Usitingishike." Nilikua, nikaolewa, nikarudi, na bado nikiingia pale nilikabidhiwa taa. Lakini taa lazima ifuate mkono wa fundi kila unapokwenda. Miaka yote ile macho yangu yalikuwa pale pale yalipokuwa macho ya baba, na hakuna aliyefikiria hilo.

Kaka mwenyewe alikuwa ameachana na injini siku nyingi. Wateja wake ni vijana wa Kinindo wanaotaka taa za rangi, mabawa kwenye buti na ekzosi pana kama sufuria ya harusi. Aliitaka kona yangu ya gereji, pale Karina ilipokaa, ili aweke kazi ya kubandika stika. Siku moja, mbele ya mafundi wote, aliniambia niondoe chuma changu. Nikakataa. Akacheka, akatoa sharti: Karina ipande mpaka Bugarama, watu wanne ndani, bila kusimama njiani. Ikifika, kona ni yangu, na sanduku la spana za baba ni langu. Ikisimama hata mara moja, namwachia vyote na sikanyagi tena gerejini. Nikasema sawa. Nilisema kwa sauti ya chini, maana mimi hasira ikinipanda maneno yanaharibika.

Mlima wa Bugarama si wa mzaha. Ukishatoka mjini barabara inapanda na haichoki, kona juu ya kona, malori yanatambaa na vijana wa baiskeli wamening'inia nyuma yake. Karina hata ilipokuwa nzima ilikuwa ikisimama njiani kunywa maji. Kaka alijua hivyo alipotoa sharti lake.

Niliuza dhahabu za harusi, ambazo hazikuwa na kazi nyingine, nikanunua injini ya gari la michezo lililokuwa limeanguka mtaroni. Nyuma lilikuwa limepondeka kama kopo, mbele injini na turbo yake vilikuwa salama. Niliifunga peke yangu nyuma ya turubai, mbele ya gari ikitazama ukuta. Kuiingiza ilikuwa kazi. Kuificha ndiyo ilikuwa starehe. Rejeta ndogo ya kupoza hewa ya turbo niliipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ikapotea nyuma ya bampa. Breki kubwa niliziingiza kwa shida ndani ya rimu zile zile za chuma, nikarudisha vile vifuniko vya plastiki, pamoja na kile chenye ufa. Kutu ya mlangoni sikuigusa. Gari la baba lilikuwa limeinama nyuma upande wa kushoto, kwa miaka ya abiria na magunia. Nilipoweka springi mpya nikahakikisha linainama vile vile. Wallahi nilicheka peke yangu chini ya gari.

Tena kulikuwa na bati la ekzosi. Lilikuwa limelegea tangu zamani na lilikuwa likilia chekecheke, chekecheke, mpaka mama akilisikia anaweka maji ya chai jikoni. Mtaa mzima ulimjua baba kwa mlio ule. Nililirudisha bati, nikalibana mpaka likanyamaza, kisha nikailegeza bolti kidogo kidogo mpaka likalia sawasawa. Hapo nilikaa chini nikalia na mimi. Nilimkumbuka sana.

Siku nilipoliwasha, kaka alikuwa anakunywa kahawa ng'ambo ya barabara. Alisikia chekecheke, wala hakugeuza shingo. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba nimefufua injini ya baba, maskini, kwa kubandika bandika.

Karibu nigunduliwe kwenye foleni ya mafuta. Petroli ilikuwa ya kutafutwa, na kwenye foleni hakuna anayewasha gari, tunasukuma kwa mikono ili tusiunguze hata kidogo tulichonacho. Mzee mmoja wa teksi, rafiki wa baba, alikuja kunisaidia. Akasukuma, akasimama, akaitazama Karina.

"Iyi gari ya baba yako imenenepa," akasema.

Nikamwambia mama ameweka gunia la mchele kwenye buti. Akatazama buti, akatazama mbele, akanitazama mimi. Kisha akainamisha kichwa akaendelea kusukuma, na siri hiyo hakuitoa kwa mtu yeyote.

Tukapanda Jumapili asubuhi. Pembeni yangu alikaa rafiki wa kaka, shahidi wake, miguu juu ya dashibodi kwa madharau. Nyuma walikaa shangazi na mama, na mama alipakata sufuria ya pilau iliyofungwa kitenge, kwa sababu yeye hasafiri bila chakula hata kama safari ni ya ugomvi wa wanawe. Kaka alitangulia na gari lake jekundu lenye bawa nyuma.

Mwanzoni nilikwenda polepole. Sikuwa na haja ya kuonyesha kitu, nilikuwa na haja ya kufika. Lakini pale mlima unapokuwa mkali zaidi, kaka alianza mchezo. Akapunguza mwendo mbele yangu, nikapunguza. Akapunguza tena, mkono nje ya dirisha, ananipungia kama mtu anayeita kuku. Nyuma yangu lori lilikuwa linapiga honi. Nikaelewa. Alitaka nisimame. Gari zee likisimama pale haliondoki tena, na yeye angesema sharti ni sharti. Kaka yangu wa tumbo moja. Nilihisi uso unawaka moto.

Rafiki yake akaniambia nisimame tu, si aibu, hata wanaume wanasimama hapa.

Tukatoka kwenye kona, mbele barabara ikanyooka, upande wa pili hakuna kitu. Nikaingiza gia ya pili, nikakanyaga.

Ile miguu ikashuka kutoka kwenye dashibodi yenyewe. Shangazi akaanza shahada. Turbo ilipiga mluzi chini ya chekecheke ya bati, na kaka akapita dirishani kwangu mdomo wazi, mkono wake ungali hewani. Lori moja lililokuwa likitambaa mbele tukalipita kabla ya kona kufika, na vijana wa baiskeli nyuma yake wakapiga kelele za furaha. Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe. Sikuwa nimecheka vile tangu nirudi kutoka Kanyosha.

"We," mama akasema kutoka nyuma, bila haraka, "pilau yangu isimwagike."

Haikumwagika. Tulifika Bugarama bila kusimama, kwenye ukungu, tukatandika kitenge karibu na wauza kabeji na karoti. Tulikuwa tumeshaanza kula kaka alipofika, gari lake jekundu likinuka klachi iliyoungua. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Karina, akashika kapo kwa mikono miwili. Rafiki yake akaenda kusimama karibu naye. Wauza kabeji nao wakasogea.

"Fungua," akasema. "Watu wanaangalia."

"Apana."

"Kazi inaonyeshwaka. Unajua. Sisi ni garaje moya."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya vizuri kukataa. Kapo ingeinuliwa pale, kabla ya magharibi Buyenzi nzima ingesema gereji ya kaka imetoa mashine. Wangempa mkono yeye. Mimi ningetajwa kuwa nilisaidia, na ningejikuta nashika taa kwenye hadithi yangu mwenyewe. Nilifunga funguo kwenye ncha ya mtandio wangu, nikachukua tonge lingine.

"Mi nimefika," nikamwambia. "Hatukusemezana mambo ya kapo."

Alizunguka gari. Alipiga teke tairi, akainama kutazama chini, akagusa lile bati likalia. Akasikiliza. Nilimwona usoni wakati alipoelewa kwamba bati lilimdanganya, na sitasema sikufurahi. Kisha wale watu wakachoka kusubiri, wakarudi kwenye kabeji zao. Kaka akachuchumaa karibu nami, na sauti yake ilikuwa ndogo. Maisha yake yote hakuwahi kuniuliza swali la kazi.

"Dada," akasema. "Umefanya aje?"

Mama akaacha kutafuna.

"Kesho asubui," nikamwambia, "vaa salopeti, njo mu kona yangu. Utashika baladezi."

Nilidhani atanitukana. Aliinuka, akafuta mikono iliyokuwa safi, akarudi kwenye gari lake. Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja. Alikuja mwisho wa juma, mapema, mafundi wengine hawajafungua, na salopeti ya baba mwilini, ile ovaroli yake ya kazi. Nilishusha turubai nyuma yetu, nikaingia chini ya Karina, nikanyoosha mkono gizani.

"Inua mukono," nikamwambia. "Apo apo. Usitingishike."