Jicho la Nne la Kamera

Mtaani walimwita Macho Manne, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili, kama aliyevishwa nishani. Kumbe macho yenyewe yalikuwa ya kamera yake: mkebe wa plastiki wenye lenzi nne zilizopangwa mstari mmoja, ambao ukiubonyeza mara moja hupiga picha nne, kila moja ikiwa imesogea upande kidogo tu. Ukisafisha mkanda, ukazipanga hizo picha kwenye kompyuta zipokezane haraka haraka, mtu aliyekaa kimya huanza kuyumba mbele ya ukuta, hata ukadhani unaweza kumzunguka. Watu wote walikuwa wanapiga video kwa simu. Macho Manne alisubiri siku tatu aone mwendo wa sekunde moja. Haraka ya nini?

Kwa miaka ishirini alikuwa "yule wa picha za pasipoti". Kisha maktaba mpya ikaahidi kuonyesha kazi yake kwenye skrini kubwa siku ya ufunguzi, na yeye mwenyewe apande jukwaani aieleze. Kichwa kikavimba. Akaandika hotuba ya kurasa tatu kuhusu msanii na upweke wake, na jinsi alivyoijenga studio yake bila msaada wa mtu yeyote. Aliiandikia kwenye meza ya mkewe, fundi cherehani, ambaye ilibidi ahamishie vitambaa vyake kitandani.

Mkanda ulikuwa umebakiza mbonyezo mmoja tu, na dukani mkanda mwingine haukuwepo. Fundi baiskeli wa jirani akaketishwa, gurudumu magotini. Pazia la nyuma yake lilikuwa linaning'inia upande, maana msumari ulichomoka mwaka juzi na msanii hakuwahi kupata nafasi.

"Mama watoto, hebu nishikie hapo kidogo."

"Kidogo ya leo, au ile ya tangu mwaka juzi?"

"Wewe shika. Ila usionekane."

Akachungulia kwenye kidirisha cha kamera: fundi na gurudumu lake, basi. Akabonyeza. Kilichomponyoka bingwa wetu ni kwamba kidirisha kile kiko juu ya lenzi ya kwanza. Ya nne, kule mwisho, ina yake inayoyaona.

Siku tatu baadaye picha ikaanza kucheza. Fundi akayumba, gurudumu likajitokeza mbele safi kabisa, na nyuma yake mke wa msanii akachomoza: mkono juu, midomo ameiuma, uso umechoka. Kisha akarudi kujificha. Akachomoza tena. Macho Manne akaiondoa picha ya nne. Zilizobaki zikamfanya fundi atikisike kama mwenye kwikwi, na uhondo wote ukaisha. Akairudisha. Aliitazama mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza akaona aibu bila kupata mtu wa kumsingizia.

Siku ya ufunguzi ukumbi uliangua kicheko, kisha ukampigia makofi yule mama wa nyuma ya gurudumu. Macho Manne akapanda jukwaani na kurasa zake. Akaisoma ya kwanza kimoyomoyo, akazikunja zote.

"Hii studio ni ya watu wawili," alisema. "Mimi huwa nabonyeza tu."

Akarudi kuketi. Mkewe akamwinamia sikioni.

"Mbona umefupisha?" akamuuliza. "Mimi nilishajiandaa kuvumilia."