Mbuzi wa Jamhuri

Ndugu yangu mdogo alicheza soka ligi za chini hapa Sydney, zile ambazo mchezaji hufua jezi yake mwenyewe na watazamaji ni wake za wachezaji na mbwa wao. Mchana alipakia maboksi ghalani Ingleburn, jioni mazoezi. Mimi nilikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee, na tuliishi pamoja Blacktown. Nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchua misuli.

Desemba moja, klabu ya daraja la juu ikamwita majaribio, Jumanne. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Hakuna klabu ingemwita tena, na alijua. Siku hiyo aliosha vyombo akiimba, mtu ambaye hajawahi kuosha kijiko!

Sasa, Jumamosi kabla ya hapo ilikuwa sherehe yetu ya Jamhuri, na Wakenya lazima tucheze na Wakongo. Anayeshinda anachukua mbuzi kutoka buchani Fairfield. Mwaka uliotangulia walituchapa, wakamla mbuzi mbele ya macho yetu. Basi mwenyekiti wetu akaja nyumbani, akanywa chai yangu, akamaliza maandazi yangu, akamwambia, "Kijana wetu, mkataa kwao ni mtumwa."

"Mzee, ana majaribio Jumanne," nikasema.

"Binti yangu, ni dakika chache tu. Awafunge, atoke."

"Na akiumia, utamchezea wewe na hicho kitambi?"

Ndugu yangu akanikanyaga chini ya meza. "Msamehe, mzee. Nitakuja." Kwetu mzee haji kwako akaondoka na jibu la hapana.

Aliwafunga mawili, lakini hakutoka. Watu waliimba jina lake, na nani hutoka uwanjani akiimbwa? Karibu na mwisho alikata kona, goti likageuka. Hakuna hata aliyemgusa. Nilikuwa kwenye jiko la nyama niliposikia akipiga kelele. Jamani, nilijua kabla sijafika.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndugu yangu alilisikia, na guu likavunjika vilevile. Mwenyekiti alimletea paja zima la mbuzi tuliyemshinda pale alipolala na barafu gotini. Akala, maskini, na akamshukuru.

Jumanne kocha wa ile klabu alipiga simu. Tuliitazama ikilia juu ya meza ya jikoni mpaka ikanyamaza.

Hakucheza tena. Bado yuko ghalani. Inaniuma mpaka leo, na atakayeniambia ni mapenzi ya Mungu, aniambie nikiwa nimeshiba.

Juzi baada ya ibada, mgeni aliyetoka Nakuru alimuuliza, "Nasikia ulikuwa mchezaji huku. Ulishinda nini?"

"Mbuzi," akajibu.

Watu wakacheka, mwenyekiti kuliko wote. Ndugu yangu akacheka pia, kisha akashika kiti cha mbele yake ili aweze kusimama.